Leseni ya silaha inakupima siku moja, alafu inalala

Baba mkubwa alipata kiharusi 2013, upande wa kulia wote ukalala, uji alikuwa analishwa na mama mkubwa, kuongea kwake mpaka uwe umemzoea ndio uelewe. Na kila mwaka mpaka anafariki leseni yake ya shotgani ilikuwa inahuishwa. Sio kwa mchongo, hapana, kihalali kabisa, binamu yangu anachukua kile kitabu anaenda nacho kituoni, analipia, muhuri unagongwa, anarudi na kitabu, risiti na mkate wa watoto. Hakuna aliyeuliza mzee mwenyewe yuko wapi, wala hakuna aliyesema hebu ileteni hiyo silaha tuione. Kwa mujibu wa karatasi, mtu asiyeweza kujifunga kifungo cha shati alikuwa anafaa kumiliki bunduki.

Nimeanza na hii makusudi kwasababu kila likitokea tukio la risasi hapa Tanzania tunabishana yaleyale, huyu anasema masharti yakazwe, yule anasema raia wema wapewe silaha wajilinde maana majambazi wanazo. Wote wanabishania mlangoni, nani aingie nani asiingie. Mimi naona mlango wetu wala sio mbaya hivyo. Shida ni kwamba ukishaingia ndani, hakuna mtu anayekuja kukuangalia tena.

Tuanze na huo mlango. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi Na. 2 ya 2015 ndio ilifuta ile ya 1991, na ukisoma masharti yake utaona sio sheria ya kizembe. Umri ni miaka 25, yaani kura unapiga na 18, ubunge unagombea na 21, ila bastola subiri kwanza ukue. Uwe na akili timamu, usiwe mtu wa vurugu, usiwe mtu wa kilevi, usiwe na rekodi ya jinai, uwe umefundishwa kuitumia. Alafu kuna safari yenyewe: mwenyekiti wa mtaa au kijiji, mtendaji wa kata, OCD yaani mkuu wa polisi wa wilaya, kamati za ulinzi na usalama, ndio ombi lifike kwa mrajisi wa silaha. Jamaa yangu mmoja mnunuzi wa madini Kahama alinambia yeye kuoa alisaini karatasi chache kuliko kupata bastola, na harusi ilikuwa ya kanisani.

Sasa yaangalie hayo masharti vizuri. Ukitoa umri, ambao ukishafika 25 haurudi 24, yaliyobaki yote ni vitu vinavyohama. Akili timamu ya 2010 sio lazima iwe ndio ya leo, kutokuwa mlevi hivyohivyo, na utulivu wa mtu nao unategemea na maisha yanavyompeleka. Chukua mtu aliyeomba bastola akiwa na maduka matatu Kariakoo, ndoa changa, anabeba pesa za mauzo usiku, sababu anayo na kichwa kimetulia. Miaka 12 baadae maduka yamebaki madeni, ndoa imekuwa ya kuviziana simu, anaanza kunywa saa tano asubuhi. Bastola ileile, namba ileile, leseni imelipiwa, ila mtu aliyepewa ile leseni ukimtafuta humpati tena, aliyepo ni mwingine anayetumia jina lake. Visa vya mume kumpiga mke risasi ndani ya nyumba tumevisikia, Mwanza mwaka 2022 ni kimoja, na kila mara mitandaoni tunajadili mapenzi na wivu mpaka tunachoka, wakati kuna swali dogo tu la kiofisi: watu wa aina hiyo mara ya mwisho nani aliwatazama usoni kabla ya kuwaruhusu waendelee kulala na chuma chini ya mto?

Nirudi kwa mzee. Alifariki 2019. Baada ya arobaini mama mkubwa akatuita chumbani, akafungua kabati, akatoa blanketi mbili na mkoba wa hati za shamba, chini kabisa ikatoka ile shotgani ya mitutu miwili imeviringishwa kwenye khanga iliyopauka mpaka maandishi hayasomeki. Pembeni kopo la Kimbo limejaa marisau. Tulikuwa wanaume sita wazima mle ndani na hakuna hata mmoja aliyejua kuangalia kama ina risasi, tumesimama tunaitazama kama watu waliokuta nyoka chooni. Ikabidi aitwe mzee jirani, mgambo mstaafu, akaishika, akaivunja, akachomoa risasi mbili, mojamoja, akaziweka kitandani bila kusema neno. Wajukuu walikuwa wanacheza kombolela kwenye hicho chumba miaka yote, na hilo kabati ndio lilikuwa maficho yao namba moja maana mlango wake haufungi vizuri.

Binamu akamgeukia mama yake, "mama ulikuwa unajua kama ina risasi?" Akasema ndio, mzee alizitia mwaka ule walioibiwa ng'ombe na hakuzitoa tena. Sasa kwanini hukusema? "Nimwambie nani? Wewe umeshawahi kuona polisi amekuja kumuuliza mke habari za bunduki?"

Kuipeleka kituoni nako ilikuwa sinema. Mwenyekiti akaandika barua ili tusije tukakamatwa njiani, tukakodi bajaji, tukaiviringisha tena kwenye khanga ileile, mimi nimeikumbatia kama mgonjwa. Pale kaunta askari akafungua kitabu. Mwenyewe yuko wapi? Amefariki. Akaangalia tena. "Mbona leseni yake iko hai?"

Kicheko kando, hilo swali la askari lina akili kuliko alivyodhani. Vifo vinaandikishwa RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, watu wazima tuna namba za NIDA za kitambulisho cha taifa, laini ya simu tu husajiliwi bila alama ya kidole, sasa inakuwaje rejista ya silaha ndio haijui kwamba mwenye silaha ameshazikwa? Na kama kifo chenyewe hakionekani, kiharusi kitaonekana saa ngapi? Msongo wa mawazo utaonekana saa ngapi?

Na yale maneno ya mama mkubwa, kwamba hakuna polisi anayekuja kumuuliza mke, ndio yalinifanya nianze kusoma wenzetu wanafanyaje. Kanada kuna kitu nilikisoma nikacheka kwanza, alafu nikaacha kucheka. Ukiomba leseni ya silaha kule, fomu ina sehemu ya kusaini mke au mume wako, na kama mmeachana ndani ya miaka miwili iliyopita basi na huyo wa zamani naye anatafutiwa sehemu. Asiposaini sio kwamba umenyimwa hapohapo, ila ofisa anatakiwa ampe taarifa kwamba fulani anaomba silaha, kwahiyo kama ana la kusema analisema. Leseni ni ya miaka 5, lakini katikati hapo haijalala, jina lako linapitishwa kwenye kumbukumbu za polisi kila siku, ukiingia kwenye kesi ya vurugu sistimu inamshtua anayehusika. Ile sheria yao ya 1995 ilitokana na machungu, Desemba 6, 1989 mtu mmoja aliingia chuo cha uhandisi pale Montreal akaua wanawake 14, na waliobaki wakapiga kelele miaka mpaka ikapitishwa.

Mke anasaini! Hebu fikiria hiyo Buza au Mbezi. Najua kuna watu hapa wameshaanza kununa, eti mwanaume mzima aombe ruhusa kwa mke. Lakini fikiria kwa utulivu, OCD anakujua wewe? Mtendaji wa kata anakujua? Wanajua jina na mtaa. Anayejua kama unaamka usiku unaongea peke yako, kama ukilewa unarusha sahani, kama juzi ulimwambia mtu "ntakuua" na ulikuwa humaanishi utani, ni yule anayelala upande wa pili wa kitanda. Sisi tumezungusha fomu kwa watu wanne watano wasiojua kitu, tukamruka anayejua.

Ila tusiwafanye wazungu malaika. Uingereza wana utaratibu mrefu kuliko wetu, wanakuja mpaka nyumbani kukagua, wanaulizia mpaka kwa daktari, lakini Agosti 2021 pale Plymouth kijana mmoja aliua watu watano kwa shotgani ya leseni, na polisi walikuwa wameshamnyang'anya shotgani hiyohiyo baada ya kupiga vijana wenzake, wakamrudishia mwezi mmoja kabla. Yaani taarifa ilikuwepo, silaha ilikuwa mikononi mwao, wakaangalia karatasi wakaona inatosha. Kwahiyo mimi sisemi tuagize fomu ya Kanada alafu tulale. Nasema kuhuisha leseni kuwe ni kumpima mtu upya, kwasababu sasa hivi ni kama kulipia king'amuzi.

Na inawezekana, tumeshafanya. Mwaka 2016 palitangazwa uhakiki wa silaha Dar, wamiliki wakapanga foleni na vitabu vyao na silaha zao, hadi Rais Magufuli mwenyewe za kwake zilihakikiwa, picha zipo. Kenya nao Desemba 2018 walisema leseni zote za raia zihakikiwe upya ndani ya siku 90, ukipita unapewa kadi mpya ya kielektroniki badala ya ile karatasi. Ukiangalia hizi operesheni zote mbili zinafanana kitu kimoja, zilikuja kama mvua ya radi, kwa amri ya kiongozi, zikapita. Kuhakiki sio tukio la kuitisha waandishi wa habari. Ilitakiwa iwe kazi ya kawaida ya Jumanne, mtu wa namba fulani anakuja mwezi wake, anaweka silaha mezani, namba inasomwa, risasi zinahesabiwa, anaulizwa maswali matatu, anatazamwa, anaondoka.

Mtu atasema askari wenyewe wachache, watawezaje. Hapa ndio hesabu inatusaidia. Makadirio ya Small Arms Survey, taasisi ya utafiti wa silaha ndogo, ya 2017 yanasema silaha zilizo mikononi mwa raia Tanzania ni kama 427,000, halali na haramu kwa pamoja, Kenya kama 750,000. Marekani peke yake kama milioni 393, yaani silaha ni nyingi kuliko watu. Mmarekani akisema hawezi kugonga mlango wa kila mwenye bunduki namuelewa. Sisi hatujafika hata silaha moja kwa watu mia, na zenye leseni ni sehemu tu ya hizo, ukizigawa kwa wilaya zote kila OCD anabaki na orodha anayoweza kuimaliza kwa mwaka na likizo akaenda. Tuko pazuri bado, ndio maana inauma tukizembea.

Sasa rushwa. Huu ndio ubishi wenye nguvu kuliko wote na sitaki kuupita juujuu. Ukimpa askari mamlaka ya kusema "wewe naona haufai tena" umempa na mahali pa kula, mfanyabiashara atachomoa noti, maskini atanyang'anywa, na mke mwenye hasira zake atamsingizia mume. Kweli kabisa. Lakini kwa mke dawa ni rahisi, iwekwe kwamba akitoa taarifa silaha inakwenda kukaa kituoni siku 30 wakati mambo yanachunguzwa, ikionekana uongo mwenyewe anaichukua, alichopoteza ni mwezi mmoja wa kutembea bila chuma kiunoni, ambao mamilioni yetu tunaishi hivyo tangu kuzaliwa na tuko salama. Kwa rushwa sina dawa ya kikombe kimoja. Ila hata askari wa kula, ukimlazimisha ajaze namba ya silaha aliyoiona kwa macho na hesabu ya risasi, na asaini jina lake, anafikiria mara mbili kumgongea muhuri mtu mwenye kiharusi ambaye hakuja. Leo hana cha kusaini, ndio maana hana cha kuogopa.

Upande wa pili kuna watu ambao hawajawahi hata kuuona huo mlango. Nenda vijiji vya pembeni mwa hifadhi za Ruaha, Rungwa, Katavi, kule mahindi yakianza kubeba usiku ni wa nguruwe pori, nyani wanashika zamu ya mchana, na tembo akiamua kupita shamba la mwaka mzima limeisha kabla jogoo hajawika. Kule watu wana magobole, ya fundi wa kijijini, ya kurithi, na hayana leseni. Mwenye gobole kuomba leseni maana yake ni nauli ya wilayani mara kadhaa, ya mkoani, picha, barua, na kila akifika anaambiwa mhusika yuko kwenye kikao. Anaacha. Siku akikamatwa kumiliki silaha bila leseni kunaingizwa kwenye uhujumu uchumi, na tangu marekebisho ya 2016 hapo unaongelea kifungo cha miaka 20 mpaka 30. Miaka 20 kwa gobole ambalo likilia mara moja unahitaji dakika kadhaa na dua kulijaza tena.

Wakati huohuo mjini, na hii nimeiona kwa macho yangu Sinza, bwana mmoja ana mguu wa kuku, yaani bastola, wa leseni, kaja baa, kachomoa kauweka mezani katikati ya chupa na sahani ya kitimoto, mdomo wa bastola umeangalia meza ya pili. Mhudumu kaja kufuta meza, kabinti ka miaka 20 na kidogo, kaisogeza kwa vidole viwili kama anasogeza simu ya mteja, kafuta, kairudisha palepale. Baa nzima tumeona, mimi nikiwemo, na tuliendelea kuangalia mpira. Yule bwana alikuwa amevunja karibu kila sharti alilopewa nalo leseni, na kilichompata ni kuletewa bia nyingine ya moto maana ya baridi ilikuwa imeisha.

Sisemi magobole yaachwe, majangili nao wanayatumia na tembo wamekufa kwa hayohayo. Serikali imekuwa ikitoa misamaha, Septemba na Oktoba 2022 kwa mfano, salimisha kwa hiari hushtakiwi, na watu walisalimisha. Ila ukimwambia mkulima asalimishe bila kumwambia nguruwe atamfukuza na nini, mwakani fundi atapata oda. Leseni ya kijiji, ya bei ndogo, silaha inapigwa alama, inasajiliwa kwa mtendaji, msimu wa mavuno ukiisha inakaa stoo ya kijiji, hiyo wala sio ndoto. Kupiga alama silaha tulishakubaliana na majirani zetu tangu Itifaki ya Nairobi ya kudhibiti silaha ndogo ya 2004, na RECSA, kituo cha kanda cha silaha ndogo, wako palepale Nairobi kwa kazi hiyo. Sheria imkute huyu mtu mlangoni akiwa anaingia, isisubiri kumkuta kizimbani.

Kuhusu wamiliki wenyewe nina machache, maana mengi mnayajua. Silaha na risasi zisilale kabati moja. Sefu ya chuma ni pesa, najua, lakini ni pesa ndogo kuliko bastola yenyewe, aliyenunua bastola asiniambie hana hela ya sefu. Siku ya kunywa iache nyumbani, au usinywe. Na mfundishe mke, au mtoto mkubwa, namna ya kuangalia kama iko tupu, asiwe kama sisi wanaume sita tuliosimama chumbani tunasubiri mgambo mstaafu aje atuokoe. Waliopitia jeshi au JKT wanafundishwa hili wiki za mwanzo, kila silaha ihesabu ina risasi mpaka uone mwenyewe, alafu mtu anarudi uraiani anaisahau kama alivyosahau wimbo wa mchakamchaka.

Ile shotgani ya mzee mpaka leo iko ghala la polisi. Binamu ameanza kuiomba, anataka kuirithi, ni haki yake kuomba, na umri anao, kesi hana, mafunzo anasema atakwenda. Mwenyekiti ameshasaini, mtendaji ameshasaini, faili limeshafika wilayani. Wiki iliyopita shemeji, mke wake, kanipigia simu saa nne usiku anaongea kwa sauti ya chini, akaniuliza hivi shem, kuna sehemu yoyote kwenye hizo karatasi ambapo na mimi naweza kuandika kitu? Nikamwambia aanze kwa mwenyekiti wa mtaa, akamueleze. Kimya kidogo, alafu akasema, "Shem, mwenyekiti si ndio anayekunywa naye."